Nukta Tisa na Toni ya Ruhaya: Herufi za Vichapishi vya Awali vya Kompyuta na Maandishi ya Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna herufi za nukta zilizotumika katika vichapishi vya kompyuta vya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilivyokutana na lugha mbili zinazoandikwa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera: Kiswahili na Ruhaya. Kiswahili kiliingia katika vichapishi hivyo bila kikwazo kikubwa, ilhali Ruhaya, ambayo ni lugha ya toni, iliingia kwa kuacha sehemu ya mfumo wake nje. Makala inadai kwamba tofauti hiyo haikutokana na maumbile ya lugha hizo, bali na maamuzi ya tahajia yaliyofanywa kabla ya kompyuta kuwapo. Herufi za nukta ziliyakuta maamuzi hayo, zikayakazia, na hatimaye zikayafanya yaonekane kuwa ni sifa za lugha zenyewe. Athari ya jambo hilo inajadiliwa kwa kurejelea uandishi wa kamusi na unukuzi wa tendi za enanga.

1.0 Utangulizi

Historia ya maandishi ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata hati na watu: hati za Kiarabu za pwani, kazi za wamisionari, kamati za usanifishaji, na waandishi wa vitabu. Vyombo vya kuchapia vimepewa nafasi ndogo. Hata hivyo, kila chombo cha kuchapia kina orodha yake ya herufi, na orodha hiyo huamua nini kinaweza kusomwa kesho yake. Herufi isiyokuwamo katika kasha la mpiga chapa, katika nyundo za taipureta au katika kumbukumbu ya kichapishi haifiki kwenye karatasi, hata kama mwandishi anaifahamu na msomaji anaihitaji.

Bukoba na Muleba ni mahali panapofaa kuchunguza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo lenye mapokeo marefu ya maandishi katika lugha zaidi ya moja. Wamisionari wa Shirika la White Fathers walifika Kashozi mwaka 1892, na Waluteri wa Bethel wakaanza kazi mwaka 1910. Mwaka 1949 F. X. Lwamgira alichapisha kwa Ruhaya historia ya ufalme wa Kiziba, Amakuru ga Kiziba, na jina la gazeti la Kikatoliki la Bukoba, Rumuli, ni la Ruhaya. Pili, Ruhaya ni miongoni mwa lugha za Kibantu ambazo toni zake zimechunguzwa kwa kina. Kinachoachwa nje ya maandishi kinajulikana, na kwa hiyo hasara yake inaweza kupimwa.

2.0 Tahajia kabla ya nukta

Wepesi wa Kiswahili mbele ya mashine mara nyingi huelezwa kana kwamba ni zawadi ya maumbile: lugha yenye irabu tano, isiyo na toni, inayoandikwa kama inavyotamkwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. W. E. Taylor, aliyechapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka 1891, alitumia alama za ziada ili kuonyesha sauti za Kimvita ambazo alfabeti ya kawaida ya Kilatini haizitofautishi. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo wa konsonanti ya kwanza. Tofauti hiyo ina uwezo wa kubadili maana, kama ilivyo toni katika lugha nyingine.

Kiswahili sanifu hakikuirithi alama hiyo. Baada ya mkutano wa mwaka 1925 jijini Dar es Salaam, uteuzi wa Kiunguja mwaka 1928 mjini Mombasa na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, tahajia iliyoenea ilikuwa ya herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini. Herufi q na x ziliachwa. C ilibaki ndani ya ch tu. Sauti zilizohitaji herufi zaidi ziliandikwa kwa kuunganisha mbili: dh, gh, kh, ny, sh, th. Katika miaka hiyohiyo Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyokuwa London, ilipendekeza herufi mpya kwa ajili ya lugha za Afrika, ikiwamo ŋ. Luganda, inayosemwa ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa Bukoba, iliipokea herufi hiyo katika tahajia sanifu ya mwaka 1947. Kiswahili kilibaki na ng'. Kwa hiyo kompyuta ilipokuja ilikikuta Kiswahili kikiwa kimekwisha kulipa gharama ya wepesi wake, na waliolipa zaidi ni wasemaji wa lahaja kama Kimvita.

Ruhaya nayo iliandikwa kwa herufi zilezile. Urefu wa irabu uliweza kuonyeshwa kwa kuandika irabu mara mbili, na udondoshaji wa irabu kwa alama ya ritifaa, kama katika n'omuntu. Toni haikuonyeshwa katika maandishi ya kawaida. Kwa msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa muktadha ulimrudishia kile ambacho karatasi ilikiacha. Luganda na Kinyarwanda pia husomwa hivyo, na wasomaji wake hawajapotea. Hoja ya makala hii, basi, si kwamba kutoandika toni ni kosa. Hoja ni kwamba kuna tofauti kati ya alama iliyoachwa kwa hiari na alama ambayo chombo hakiruhusu iwepo.

3.0 Herufi ndani ya gridi

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Vichapishi vya mitambo mikubwa ya wakati huo vilichapa mstari mzima kwa pigo moja, na kwa kawaida vilikuwa na herufi kubwa tu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ni katika miaka ya 1980, masharti yalipolegezwa, ndipo kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuenea katika ofisi, taasisi za elimu na miradi. Pamoja nazo kilikuja kichapishi cha nukta.

Kichapishi hicho hakina umbo la herufi lililochongwa kama taipureta. Kichwa chake kina safu ya pini nyembamba, tisa katika mashine za kawaida, zilizopangwa wima. Kichwa kinapopita juu ya karatasi, pini hupiga utepe wa wino na kuacha nukta. Herufi ni mpangilio wa nukta uliohifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Katika Epson FX-80 ya mwaka 1983, mojawapo ya vichapishi vilivyojulikana sana duniani, kila herufi iliwekwa katika gridi yenye safu tisa kwenda chini na nafasi kumi na moja kwenda kando. Herufi kubwa ilichukua safu saba za juu. Mwili wa herufi ndogo kama a au o ulichukua safu tano, juu yake zikibaki mbili. Safu mbili za chini ziliachiwa mikia ya g, p na y.

Kutokana na vipimo hivyo yanafuata mambo mawili yenye uzito kwa lugha ya toni. Juu ya o ndogo paliweza kutoshea alama ya toni, lakini kwa kubanwa: safu mbili tu, ambamo alama ya toni ya juu na ile ya toni shukaji hutofautiana kwa nukta moja au mbili. Juu ya O kubwa hapakuwa na nafasi kabisa, kwa kuwa herufi yenyewe ilikwisha fika kileleni mwa gridi. Kwa hiyo kichwa cha habari, jina la kitabu, au neno lolote lililoandikwa kwa herufi kubwa lingepoteza toni hata pale ambapo mwandishi aliiweka katika matini.

Jambo jingine lilikuwa upana. Katika fonti ya kawaida kila herufi ilipewa upana uleule, kumi katika kila inchi, hivyo mstari wa inchi nane ulibeba herufi themanini. Ritifaa ilichukua nafasi sawa na m. Katika Ruhaya, ambamo ritifaa hutokea mara kwa mara, maneno yaliyounganishwa kwa udondoshaji yalionekana kana kwamba yametenganishwa. Kiswahili nacho kilisumbuliwa na urefu wa vitenzi vyake: neno kama hatutawapelekea lilipokosa nafasi mwishoni mwa mstari lilihamia lote mstari wa chini, na programu iliyonyoosha kingo zote mbili za ukurasa iliacha mapengo makubwa kati ya maneno yaliyobaki.

4.0 Kiswahili na alama moja ya ziada

Msimbo wa ASCII, uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1963, una nafasi 128, na kati yake 95 ni za alama zinazoonekana pamoja na nafasi tupu. Herufi zote za Kiswahili sanifu zimo, pamoja na ritifaa ya ng'. Mwandishi wa barua, ripoti au mtihani wa Kiswahili mjini Bukoba hakuhitaji fonti maalumu, kibodi maalumu wala amri ya ziada. Wajerumani, Wafaransa na Waswidi walihitaji herufi za ziada. Kiswahili kilitosheka na orodha iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza.

Mahali pekee palipokuwa na mgogoro ni hapo kwenye ng'. Katika tahajia, ritifaa hiyo ni sehemu ya konsonanti moja: ng'ombe na ngoma huanza kwa sauti tofauti. Katika kompyuta, alama hiyohiyo ilitumika pia kufungua na kufunga nukuu. Programu ya kuhesabu maneno au kusahihisha tahajia iliweza kuligawa neno mara mbili. Katika programu za kutunza kumbukumbu kama dBase, ambamo maneno hufungwa ndani ya alama hizo, ng'ombe aliyeandikwa bila tahadhari alikatisha amri katikati. Kasoro hii ni ndogo, lakini inafundisha: mashine iliitambua alama kwa umbo lake, nayo tahajia ilikuwa imeipa kazi ambayo umbo halikuionyesha.

Kazi za kompyuta zilizofanyika Kagera katika kipindi hicho ziliongeza nguvu ya herufi tupu. Kati ya 1991 na 1994 Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, uliofanywa na Benki ya Dunia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizifikia kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51, nyingi zikitembelewa hadi mara nne, ili kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa janga la UKIMWI. Katika utafiti wa aina hiyo jina la mtu au la kijiji ni mfuatano wa herufi unaopaswa kufanana kabisa katika kila awamu. Alama ya ziada ni chanzo cha makosa, na usahili ni sharti la kazi. Muleba, Kamachumu, Nshamba na Rubya huandikwa bila alama yoyote, na kwa lengo la takwimu hakuna kilichopungua.

Kilichopungua kipo upande wa usomaji. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Anapokutana na neno la Ruhaya lililoandikwa kwa herufi zilezile, hana kitu kwenye karatasi cha kumzuia asilisome kwa kanuni hiyo. Herufi zinazofanana hualika matamshi yanayofanana, na lugha iliyo na shule, magazeti na ofisi ndiyo inayotoa kanuni ya kusomea.

5.0 Ruhaya na msimbo usiopatana

Uchunguzi wa toni za Ruhaya ulikuwa umekwisha kupiga hatua kubwa kabla kompyuta ndogo hazijaenea. Mwaka 1977 Ernest Rugwa Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walihariri mkusanyo wa tafiti za sarufi ya Ruhaya katika Chuo Kikuu cha Southern California. Tafiti za kundi hilo zilionyesha kwamba mizizi ya vitenzi hugawanyika katika makundi mawili: yenye toni ya juu, kama okukóma, 'kufunga', na isiyo na toni ya juu, kama okujuna, 'kusaidia'. Zilionyesha pia kwamba toni hiyo haikai mahali pamoja. Katika mazingira fulani kitenzi hupoteza toni yake ya juu kinapofuatwa na yambwa ndani ya kirai hichohicho, lakini huihifadhi pale yambwa inapowekwa nje na kuwakilishwa na kiambishi. Kwa maneno mengine, toni ya Ruhaya haibainishi maneno tu. Hushiriki katika kuonyesha ni sehemu gani ya usemi inayosisitizwa.

Ruhaya haitegemei toni kwa kila jambo. Nyakati zake za uliopita, zinazotajwa mara nyingi katika isimu linganishi, hubainishwa na viambishi vinavyoonekana: tukomile, 'tulifunga (jana)', na tukakoma, 'tulifunga (zamani)'. Hapo herufi tupu zinatosha. Mpangilio wa habari ndani ya sentensi ndio usioonekana.

Je, kichapishi cha nukta kingeweza kuchapa okukóma? Jibu ni kwamba kingeweza, lakini si kwa kubonyeza kitufe. Seti ya herufi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, iliyojulikana kwa namba 437, ilikuwa na á, é, í, ó, ú na pia â, ê, î, ô, û. Hazikuwekwa kwa ajili ya lugha za Afrika, bali za Ulaya Magharibi; Ruhaya ilizipata kwa bahati. Gĩkũyũ haikupata bahati hiyo, kwa kuwa ĩ na ũ hazikuwamo, wala Luganda haikuipata ŋ. Tena bahati ya Ruhaya iliishia kwenye herufi ndogo: kati ya irabu kubwa zenye alama ya toni ya juu, iliyokuwamo ni É peke yake.

Bahati hiyo nayo ilitegemea kichapishi kielewe msimbo uleule. Katika FX-80 nafasi za juu ya 128 zilitumika kwa herufi za mlazo: namba yoyote kuanzia 160 ilichapwa kama herufi ya namba iliyopungua kwa 128, ikiwa imeinama. Katika seti ya IBM ó ni 162. Ukitoa 128 inabaki 34, ambayo ni alama ya nukuu. Okukóma iliyoonekana sawasawa kwenye skrini ilifika karatasini kama okuk"ma. Herufi á, yenye namba 160, iligeuka kuwa nafasi tupu na kulikata neno vipande viwili. Í ikawa alama ya mshangao. Mashine haikuonyesha kwamba imeshindwa. Ilichapa kitu kingine kwa uhakika uleule.

Ufumbuzi ulikuwapo wa namna tatu. Mtu angeweza kutuma herufi, kisha amri ya kurudi nyuma, kisha alama, kama mpiga chapa wa taipureta afanyavyo. Lakini skrini haikuweza kuonyesha alama mbili katika nafasi moja. Angeweza kuchora herufi zake mwenyewe na kuzipakia katika kumbukumbu ya FX-80, nukta kwa nukta, akitumia pini nane kati ya tisa kwa kila herufi. Lakini herufi hizo zilifutika mashine ilipozimwa. Au angeweza kuiamuru programu ichape ukurasa kama picha. WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989 ilifanya hivyo kwa zaidi ya herufi na alama 1,500, kwa gharama ya muda na utepe. Kila njia ilidai maarifa ambayo mwandishi wa Kiswahili hakuhitaji kuwa nayo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kihistoria wa suala hili. Taipureta ilikuwa na upungufu wake, lakini iliacha karatasi ambayo mkono ungeweza kuikamilisha: alama ya toni iliongezwa kwa kalamu, na stensili ikapokea mkwaruzo wa kalamu ya chuma. Kompyuta ilileta matini yanayohifadhiwa, kunakiliwa na kuchapwa upya. Alama iliyoongezwa kwa kalamu kwenye nakala moja haikuingia katika faili. Kwa mara ya kwanza, nakala iliyosahihishwa kwa mkono ilikuwa pungufu kwa mamlaka kuliko faili lisilosahihishwa.

6.0 Enanga na kamusi

Hasara hiyo inaonekana wazi zaidi katika fasihi simulizi. Tendi za enanga, zinazoimbwa na manju kwa kuandamana na zeze la jina hilohilo, zilichunguzwa na M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peter Seitel naye amechunguza hadithi na tanzu nyingine za Wahaya kwa kuzingatia utendaji. Katika kazi za aina hii sauti ni sehemu ya utungo. Mahali ambapo toni ya kitenzi inapungua na ambapo inahifadhiwa ni mahali ambapo manju anaonyesha kipi anakidai na kipi anakichukulia kuwa kimekwisha fahamika. Unukuzi wa herufi tupu huhifadhi mfuatano wa matukio na sehemu kubwa ya msamiati, hauhifadhi msisitizo. Mhakiki asiyejua Ruhaya, anayetegemea matini hayo pamoja na tafsiri ya Kiswahili, anahakiki utungo ambao umekwisha kusawazishwa.

Kamusi nazo hazina muktadha wa kumsaidia msomaji. Neno limesimama peke yake, na toni isipoandikwa hakuna sentensi ya kuirudisha. Si ajabu kwamba kazi kubwa za msamiati wa Ruhaya zilitokea kompyuta zilipokuwa zimeanza kuachana na gridi za nukta. Fonti za mchoro, ambazo umbo lake huhesabiwa upya kwa kila ukubwa, zilienea baada ya TrueType ya mwaka 1991 kuingizwa katika Windows 3.1 mwaka 1992. Unicode, iliyotolewa mwaka 1991, iliruhusu alama ya toni kuwekwa juu ya herufi yoyote, kubwa au ndogo. Kamusi ya Ruhaya, Kiingereza na Kiswahili ya Henry Muzale ilichapishwa mwaka 2006 katika mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani wakati ambapo kizuizi cha kiufundi kilikuwa kimeondoka.

Kuondoka kwa kizuizi hakukuondoa mazoea. Herufi á sasa hupatikana katika simu yoyote, lakini matini ya kila siku ya Ruhaya huandikwa bila toni. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba wasemaji hawaihitaji. Sababu hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa msemaji mzawa anayemwandikia mzawa mwenzake. Kwa mtoto wa Muleba aliyekulia Dar es Salaam na kujifunza kusoma kwa Kiswahili pekee, ni ya kutilia shaka.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba wepesi wa Kiswahili katika vichapishi vya nukta ulikuwa tunda la maamuzi ya miaka ya 1920 na 1930, na kwamba ugumu wa Ruhaya ulikuwa tunda la orodha za herufi zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Lugha zote mbili ziliacha kitu nje ya maandishi. Kiswahili kiliacha mpumuo wa Kimvita kwa uamuzi unaoweza kutajwa tarehe na mahali. Ruhaya iliacha toni kwanza kwa desturi, kisha kwa ulazima wa mashine, na baadaye kwa mazoea yaliyosahau kwamba ulazima huo uliwahi kuwapo.

Kwa watafiti, matokeo ya kivitendo ni mawili. Matini ya Ruhaya yaliyochapwa au kuhifadhiwa katika kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 yasichukuliwe kuwa ushahidi wa namna waandishi walivyoisikia lugha yao; ni ushahidi wa kile ambacho vyombo vyao vilikubali, na alama za nukuu au mapengo yasiyotarajiwa ndani ya neno yachunguzwe kabla ya kufutwa kama makosa ya chapa. Aidha, pale ambapo kanda za sauti za manju zingalipo, zinukuliwe upya kwa alama kamili kutoka kwenye sauti, si kwa kunakili unukuzi wa zamani. Faili la zamani, hata likihamishiwa katika fonti mpya, halina toni ya kurudisha.